Nusu ya Kipete

Sifa zote ni za Mola wangu, aliyeipa bahari ukingo isiuvuke, akaizuia mbingu isituangukie, na kila kilicho dhaifu akakiwekea cha kukihifadhi: yai ganda lake, jicho kope yake, mja stara yake. Namshukuru kwa umri alionipa na kwa macho aliyoniachia, ingawa moja limeanza kuingia ukungu. Namwomba anisamehe katika habari hii, maana ndani yake nilikosea, na kosa lenyewe lilikuwa dogo kiasi cha kukaa juu ya ukucha.

Mimi ni fundi saa wa Lushoto. Jumamosi na Jumapili nasomesha watoto Kurani. Siku nyingine nakaa kwenye meza yangu, upenuni mwa duka la nguo, chini kidogo ya soko. Watu huniuliza kama kazi hii bado ipo, kwa kuwa kila mtu ana simu. Ipo. Kuna wanaopenda kuiona saa mkononi, kuna waliorithi, na kuna wale ambao simu haiwafai kule wanakofanyia kazi. Habari hii ni ya mmoja wa hao.

Watu hudhani saa hufa kwa kuanguka. Huku kwetu saa hufa kwa maji. Mtu anakata kabichi asubuhi, mikono yote ndani ya umande. Mwingine anatawadha mara tano kwa siku na saa yake mkononi, kisha ananiletea akisema imesimama yenyewe. Na hata asiyegusa maji, ukungu wetu humfuata mpaka kitandani. Maji hayaingii kwa kishindo. Huingia kama pumzi, na mlango wao mkubwa ni mmoja: ule ufunguo wa pembeni, kile kichwa kidogo unachokivuta ukitaka kusogeza mishale. Kioo kimebanwa, kifuniko cha nyuma kimebanwa, lakini pale pembeni hapana budi pawe na tundu, kwa sababu bila tundu huwezi kuirekebisha saa. Kila kitu kinachokubali kurekebishwa kina tundu. Nimeliwaza hilo mara nyingi, hata kwa habari za binadamu.

Siku ya gulio, Alhamisi, alikuja mama mmoja kutoka Mtae, mwenye kanga mbili na viatu vya mpira vyenye matope ya safari. Alisimama mbele ya meza akashusha kikapu.

"Shikamoo, maalimu."

"Marahaba, mama. Habari za huko juu?"

"Njema. Nimekuletea mgonjwa." Akafungua fundo la kanga, akatoa saa kubwa ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia pilipili. "Anatoka jasho."

Kweli ilitoka jasho. Chini ya kioo palikuwa na matone madogo, yamejipanga upande wa ufunguo. Nikaigeuza. Ilikuwa saa ya kazi za majini, ile yenye duara la nje linalozunguka, ambapo mtu huweka alama ya dakika aliyoanza kazi. Saa kama hizo sizipati Lushoto ila kwa nadra.

"Ya nani hii, mama?"

"Ya mwanangu. Yeye ni mzamiaji."

Nikaiweka saa mezani. Kwetu ukisikia mzamiaji unamwaza kijana aliyejificha ndani ya meli aende Ulaya bila kibali. Nikaona aibu kuuliza, nikaona na kutouliza ni ukatili.

"Pole sana, mama. Mwenyezi Mungu atamrudisha. Yuko nchi gani?"

"Nchi gani tena? Yuko Tanga."

"Wamemkamata?"

Mama yule alicheka hadi mwenye duka la nguo akatoka kuchungulia. "Maalimu! Mwanangu hazamii ndani ya meli, anazamia chini ya meli! Anakwangua matumbo yake, yale magamba na majani ya bahari yanayoganda."

"Haya, basi nimekuelewa."

"Ulishamfunga jela mtoto wa watu!"

"Nisamehe. Lakini jela nilimpa ya Ulaya, si ya hapa."

Alipomaliza kucheka akajifuta macho na pembe ya kanga, na sauti yake ikashuka. Akanieleza. Kazi ya majini ilikwisha mwaka juzi, mwanawe akarudi kulima kwa muda, na saa akamwachia baba yake aivae. Sasa ameitwa tena. Angefika Mtae usiku uleule kuaga wazazi, na Jumamosi alfajiri ashuke na basi la kwanza. Chini ya meli, alisema, hakuna mwanga; mtu anafanya kazi kwa kupapasa, mtungi wa hewa mgongoni, na hewa ile ina muda wake. Saa ndiyo inayomwambia muda huo.

"Saa ikisimama huko chini," akasema, "yeye atadhani bado ana dakika. Unanielewa, maalimu?"

Nilimwelewa. Nikamwambia apitie sokoni, arudi baada ya adhuhuri.

Nilifungua kifuniko, nikaitoa mashine, nikaikausha na kuisafisha, ikaanza kutembea vizuri, maana maji yalikuwa hayajaila. Kisha nikaushika ufunguo. Ufunguo wa saa za majini haufanani na wa saa nyingine. Huu hujikaza kama kifuniko cha chupa juu ya shingo fupi ya chuma, na ndani yake umelala kipete cha mpira, chembamba kama uzi wa kushonea kiatu. Ukiukaza, kipete kinabanwa kati ya chuma na chuma, kinajitanua, kinajaza kila mwanya. Maji ya nje yakisukuma, nacho kinazidi kushikilia. Mpira laini ndio unaokilinda chuma kigumu. Lakini kikizeeka kinakauka, kinakuwa bapa, kinapasuka, na hapo saa ya majini huwa haina tofauti na kopo.

Kipete kile kilikuwa kimekauka mpaka kimekatika. Nikakichokoa kwa sindano, kikatoka. Nikatafuta kwenye kikebe changu cha vipete, nikapata kipya kinacholingana, nikakipaka yale mafuta mazito meupe, nikakiketisha mahali pake. Nikafunga, nikakaza, nikaizamisha saa katika bilauri ya maji kwa muda wa kusoma juzuu moja. Kisha nikaikausha, nikaipasha joto kidogo juu ya taa, nikadondosha tone la maji baridi juu ya kioo. Hiyo ndiyo njia ya wasio na mashine za kupimia: ndani pakiwa na unyevu, ukungu utatokea chini ya tone. Haukutokea. Kioo kilikuwa safi.

"Nzima?" mama akauliza aliporudi.

"Nzima kabisa," nikamjibu. Nilisema neno hilo, kabisa. Nalikumbuka.

Siku ya pili, baada ya sala ya Ijumaa, nikarudi mezani kupanga vitu. Kitambaa changu cheupe cha kazi nilikuwa nimekikunja bila kukikung'uta. Nilipokitandaza nikaona kijipande cheusi kimejikunja kama mwezi mwandamo. Nikatabasamu, nikajua ni kile kipete cha zamani. Kisha tabasamu likanikauka, kwa sababu mwezi mwandamo si duara. Ilikuwa nusu. Nusu nyingine iko wapi?

Nikatafuta juu ya kitambaa, nikatafuta chini ya meza, nikapiga magoti sakafuni na lenzi jichoni mpaka mwenye duka akaniuliza nimeangusha almasi. Sikuipata. Palibaki mahali pamoja tu pa kuitafuta, na mahali hapo palikuwa Mtae. Kama nusu ile ilibaki ndani ya ufunguo, basi kipete kipya nilikiketisha juu yake, upande mmoja chini, upande mmoja juu, kama mtu aliyekalia kigoda chenye kokoto. Bilauri ya maji haiwezi kulifichua hilo, kwa kuwa maji ya bilauri hayasukumi. Maji ya chini ya meli yanasukuma kutoka kila upande.

Nikaenda nyumbani kula, nikaisogeza sahani kando. Mke wangu akaniuliza, nikamweleza. Nikamweleza pia nilichokuwa najiambia njiani, maana nafsi ya mtu aliyesoma hujua vitabu vya kujitetea. Nikasema, "Tunawafundisha watoto kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mimi niliipima saa, nikawa na yakini. Hii nusu ni shaka tu. Huenda imepeperuka."

Hakuacha kukatakata mchicha. "Hiyo ni ya udhu," akasema. "Ukikosea udhu unarudia. Mtoto wa watu atarudia nini?"

Nimesoma kwa mashekhe, wengine wao ni wakubwa, Mungu awarehemu. Sijawahi kujibiwa hivyo.

Mama yule alikuwa ameniachia namba. Nikapiga. Akapokea mumewe, mzee mwenye sauti ya kilimani, wa kuzoea kuita mtu aliye bonde la pili.

"Haloo! Mzee mwenzangu, mimi ni fundi wa Lushoto."

"Aleikumu salaam! Saa nzuri mno, fundi! Kioo kama jicho la paka!"

"Sikiliza, usimpe mwanao kwanza..."

"Nimeshampa! Kaivaa! Mungu akulipe!"

"Nasema ina kasoro!"

"Amina! Amina, ndugu yangu!" Akakata.

Nikapiga tena, ikawa haipatikani. Mke wangu alikuwa ameshanitolea koti.

Lori moja lililokuwa limeshusha mboga lilikuwa linarudi tupu. Dereva akanibeba mpaka Lukozi, na kutoka pale nikapanda pikipiki, nimemshika kiuno dereva wake kama mtoto, vifaa vyangu kwenye mfuko wa ndani wa koti. Magamba ilikuwa na mvua, Lukozi ukungu, Sunga jua. Njia ile ni mbovu, na mgongo wangu si wa safari hizo. Lakini kilichonichosha hasa kilikuwa ni kutunga maneno. Nilitunga namna nyingi za kusema nimekosea bila kusema nimekosea. Nilipofika nilikuwa nimezisahau zote, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Mtae iko juu ya ukingo wa mlima, na nyuma ya nyumba ardhi inakwisha. Chini kabisa ni nyika, imenyooka mpaka macho yanachoka. Sisi wa Lushoto tumo ndani ya bonde. Jua letu hujificha nyuma ya mlima likiwa bado lina kazi, na magharibi tunaijua kwa kalenda ya msikiti. Pale Mtae mtu anaiona magharibi kwa macho yake, jua linazama lote, polepole, kama shilingi ndani ya mchanga.

Nilimkuta yule mzee amesimama hapo ukingoni, amevaa kofia na koti la sufi, mkono ameunyoosha. Kando yake alisimama mwanawe, mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana.

"Hebu lete saa," mzee alikuwa anasema, "jua linakwenda."

"Baba, mimi saa hii naihesabia dakika tu."

"Saa ni saa. Lete. Itakwenda baharini na magharibi ya Mtae."

Kijana akaivua akampa, huku anacheka. Mimi nikasimama palepale, sikutoa hata salamu, kwa sababu nilitaka kuona. Mzee akafungua ufunguo kwa kuuzungusha, akauvuta, akalingoja jua. Ncha ya mwisho ilipozama akasema jina la Mungu, akaipeleka mishale saa kumi na mbili barabara, akausukuma ufunguo ndani kwa kidole gumba. Akamaliza. Hakuukaza.

"Onga mshi," nikawasalimu kwa Kisambaa.

Wakageuka. Mzee hakunijua kwa sura. Nilipojitambulisha akanikumbatia akidhani nimefuata chai. Nikamwambia chai itakuja, kwanza anieleze hilo alilolifanya.

"Kuirekebisha saa? Marehemu baba alikuwa akifanya hivyo, na babu. Siku ya Mwislamu inaanza magharibi. Jua likizama ni kumi na mbili. Saa ikisema vingine, ni ya kunyooshwa."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu. Jua halikosei, fundi. Saa ndiyo inayokosea."

"Na baada ya hapo hukazi ufunguo?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mlevi. "Nikaze kwa nini? Kesho si nitaufungua tena?"

Mwanawe akashika kichwa. Mimi nilitaka kucheka, na nilitaka pia kufurahi, kwa kuwa nilikuwa nimepata mkosaji mwingine. Jasho lote la saa ile sasa lilikuwa na maelezo: ukungu wa Mtae uliingia kwa mlango ulioachwa wazi. Ningeweza kuwaeleza hivyo, nikanywa chai, nikasifiwa kwa kusafiri mbali kwa ajili ya mteja. Nafsi ilinionyesha njia hiyo, na ilikuwa njia laini kuliko ile niliyopanda.

Tukaswali magharibi pamoja. Katika sijida nilimwomba Mungu anifungue ulimi. Tulipoingia ndani, yule mama akaleta taa na sinia, nikamwambia kijana akae mbele yangu.

"Mwanangu, jana nilimwambia mama yako kwamba saa hii ni nzima kabisa. Sikuwa na haki ya kusema hivyo. Nadhani niliacha kitu ndani."

Nikaitoa nusu ya kipete, nilikuwa nimeifunga katika karatasi, nikaiweka juu ya sahani nyeupe. Kijana akawasha tochi ya simu yake akanimulikia. Nikaufungua ufunguo, nikakiondoa kipete kipya, nikaona jinsi kilivyokunjamana upande mmoja. Nikaingiza sindano mahali kilipokuwa, taratibu, na kitu cheusi kikatoka kwenye ncha, kimejikunja kama mwezi mwandamo.

Nikakiweka kwenye sahani, karibu na mwenzake. Nikazisogeza kwa sindano mpaka zikagusana ncha kwa ncha. Zikawa duara.

Mama akasema, "La ilaha illallah," kwa sauti ndogo, akakaa chini.

Kijana hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Aliliinamia lile duara. "Huko chini," akasema, "naweka mkono karibu na uso hivi, ndipo naiona mishale. Sina kingine. Dakika zangu zote ziko humo."

"Najua. Mama yako aliniambia, na nilimsikia."

Nikasafisha mahali pa kipete mpaka pakang'aa, nikatia kipya tena, mafuta tena, nikakiketisha sawasawa. Niliangalia kwa jicho zima, kisha nikamwomba naye aangalie kwa lenzi. Nikafunga.

"Sasa ni nzima?" akauliza.

"Sijui," nikasema.

Baba yake akaweka kikombe chini. "Umekuja kutoka Lushoto, na mgongo huo, kutuambia hujui?"

"Nimekuja kuwaambia hivyo hivyo, mzee mwenzangu. Jana nilijua, na mmeona nilichokijua."

Wakacheka, hata kijana. Lakini swali lilibaki zima pale siniani. Basi lilikuwa la alfajiri, na mimi sina mashine ya kupima nguvu ya maji. Tukiwa tumekaa hivyo, yule mama akaniuliza kwa haya kama, kwa kuwa Mungu amemleta maalimu ndani ya nyumba yake, ningeweza kumwandikia mwanawe kombe kabla hajaondoka. Wino ameshautengeneza, zafarani na maji ya waridi. Alikuwa anataka kumwita mwalimu wa jirani. Kombe, kwa asiyejua, ni maneno ya Mungu yanayoandikwa kwenye sahani kwa wino huo, kisha yanaoshwa kwa maji, na mtu akayanywa akiomba salama. Wino wenyewe umekusudiwa kuyeyuka. Tone moja tu la maji, unatiririka.

Nikamwambia, "Mama, kombe nitaandika. Lakini kwanza niazime wino wako."

Nikakata duara la karatasi nyeupe lenye ukubwa wa saa. Sikuandika neno la Mungu juu yake, maana ilikuwa inakwenda mahali pa kazi chafu. Niliweka nukta tu, kumi na mbili, kwa kuzunguka, kwa ncha ya kijiti, nikazikausha juu ya taa. Nikaitoa mashine ndani ya saa, nikaifunga kwenye kitambaa safi, nikaitia kikebeni. Ndani ya ganda tupu nikaweka ile karatasi, nikafunga kifuniko na kuukaza ufunguo. Nikamkabidhi kijana.

"Usiivae. Mashine nakaa nayo mimi, ni amana. Ukifika, lifunge ganda hili kwenye kamba, ulishushe mpaka kina unachofanyia kazi, likae muda wa kazi yako. Kisha ulikaushe, ulifungue. Nukta zikiwa nzima, tuna la kuzungumza."

"Na nisipokuwa na saa siku hiyo?"

"Usizame."

"Nitaazima ya mwenzangu," akasema. "Tunazama kwa zamu."

Nikaandika kombe, akalinywa mbele ya mama yake, na mimi nikalala katika nyumba ile usingizi mzito.

Alipiga simu siku ya nne.

"Shikamoo, baba. Nimelifungua. Nukta kumi na moja ni safi kabisa. Moja, ile iliyo karibu na ufunguo, ina ndevu."

"Ndevu namna gani?"

"Kidogo tu. Kama manyoya ya kifaranga."

Nikajaribu kuikumbuka ile nukta. "Mkono wangu hutetemeka," nikamwambia. "Huenda niliiweka hivyo mimi mwenyewe."

"Huenda."

Nyuma yake palikuwa na kelele za bandari, nyuma yangu soko la Lushoto. Nilikuwa na yakini ya nukta kumi na moja na shaka ya moja. Nikaikumbuka sauti ya kisu kwenye mchicha.

"Usiivae," nikasema.

Nikamwelekeza kwa fundi mmoja wa Tanga mwenye chombo cha kupimia, kile cha kioo chenye pampu. Saa huwekwa ndani yake juu ya maji, chombo kikasukumwa hewa, kisha saa huzamishwa na hewa ya nje ikaachiwa. Kama ina tundu, hewa iliyoingia itatoka ikionekana. Lilipoingizwa ganda lile, kijana aliniambia baadaye, ulitoka mstari wa mapovu membamba kutoka kwenye shingo ya ufunguo, yakifuatana kama shanga za tasbihi. Shingo yenyewe ya chuma ilikuwa imelika. Kufunguliwa na kufungwa kila magharibi kulikuwa kumeisugua, na kipete, hata kiwe kipya namna gani, hakina kazi palipolika chuma. Fundi yule akaweka shingo mpya, ufunguo mpya na vipete vyake. Mashine niliituma kwa mkono wa mtu mwaminifu, akaipachika. Akaipima tena, mbele ya kijana, na maji yakatulia.

Mwezi mmoja baadaye mama yule alipita mezani kwangu siku ya gulio. Safari hii hakuwa na mgonjwa. "Anazama na kupanda salama," akasema, na akaniwekea mezani mapera ya Mtae. Nyuma yake alikuwa mume wake, ambaye haji Lushoto ila kwa jambo. Mkononi alivaa saa nyepesi ya plastiki aliyonunuliwa na mwanawe, ambayo ufunguo wake haukazwi kabisa, naye alikuwa huru kuuvuta kila magharibi mpaka Kiyama.

Alisubiri mkewe aende upande wa vitunguu, akainama.

"Fundi, mwanangu hakuniambia. Lakini nimesikia shingo ililika. Kumbe ni mimi niliyeila."

Nilikuwa na uwezo wa kumwambia si wewe. "Tuliila wawili, mzee mwenzangu," nikamjibu. "Wewe kwa mkono, mimi kwa neno."

Akatikisa kichwa kwa muda, kisha akaitazama saa yake ya plastiki, akaniuliza Lushoto jua linazama saa ngapi. Nikamwambia kwetu hatulioni. Akasikitika kwa ajili yetu, nikaona kweli anasikitika.

Tangu hapo nina utaratibu mmoja ambao wateja huuona ni wa kizee. Sifungi saa mpaka kipete cha zamani nimekikusanya chote juu ya karatasi nyeupe, kipande kwa kipande, kikawa duara. Kikipungua, hata kwa upana wa unyoya, naanza upya. Na mtu akiniuliza kama saa yake ni nzima, namwambia nilichokifanya na nilichokiona; neno lile la kabisa nimemwachia Mola mwenyewe.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhi mahali usipoona mkono wako. Akuzibie mianya usiyoijua, na ile unayoijua akupe moyo wa kuisema mapema. Akuweke karibu na mtu atakayekwambia ukweli huku anakatakata mchicha. Na kila utakapozama katika kazi yako, akupandishe salama, dakika zako zikiwa bado zimo. Amina.